Darasani au nyumbani? Mtwara na mjadala wa masomo ulioachwa na corona

MACHI 17, 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, msingi na sekondari nchini kwa muda wa siku 30. Ilikuwa siku moja tu baada ya Serikali kuthibitisha kupatikana kwa mgonjwa wa kwanza wa virusi vya corona, mkoani Arusha. Siku iliyofuata, agizo hilo lilivifikia pia vyuo.

Siku hizo 30 hazikutosha. Aprili, Serikali iliongeza muda huo hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo, na ndipo wazazi na walimu walipoanza kuulizana kwa dhati swali ambalo awali lilionekana la muda mfupi: mtoto afuate masomo kwa redio, televisheni na intaneti akiwa nyumbani, au arejee darasani na kuikabili hatari ya ugonjwa?

Kwa Mkoa wa Mtwara, hususan pwani inayoanzia Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma, swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Jibu linalomfaa mkazi wa Shangani, mjini Mtwara, si lazima limfae mvuvi wa Msimbati au mkulima wa mpunga wa Kitaya.

Mtiririko wa matukio

Vyuo na wanafunzi wa Kidato cha Sita ndio waliotangulia kurejea, Juni 1, 2020, baada ya tangazo la Rais John Magufuli la mwezi Mei. Madarasa mengine yote yalifunguliwa Juni 29, 2020. Kwa hiyo wengi wa wanafunzi walikaa nje ya madarasa kwa zaidi ya siku 100.

Kalenda ya mitihani nayo ilisogezwa. Mtihani wa Kidato cha Sita, ambao kwa kawaida hufanyika Mei, ulianza Juni 29, na ule wa kumaliza elimu ya msingi ukafanyika Oktoba 7 na 8 badala ya Septemba. Ili kufidia vipindi vilivyopotea, shule zilitakiwa kuongeza saa mbili za masomo kila siku.

Wakati huohuo, taarifa za mwenendo wa ugonjwa zilikuwa zimekoma. Takwimu za mwisho za kitaifa kutolewa mwaka huo zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Hivyo mzazi aliyetaka kupima hatari ya kumrudisha mtoto shuleni hakuwa na idadi ya wagonjwa wa mkoa wake ya kumsaidia kuamua.

Darasa la hewani

Katika kipindi hicho, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), huku vitabu vya kiada vikipatikana bila malipo katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Mashirika kama Ubongo, yanayoandaa vipindi vya watoto, na Shule Direct, yenye masomo ya sekondari mtandaoni, yalikuwa yameanza kazi hiyo miaka kadhaa kabla ya janga.

Aidha, baadhi ya shule binafsi za mijini ziliendesha masomo kwa njia ya video, na nyingine ziliwatumia wazazi mazoezi kupitia WhatsApp. Shule nyingi za Serikali zilitoa mazoezi ya kuandika daftarini, au hazikuwa na namna yoyote ya kuwafikia wanafunzi wake.

Tofauti hiyo haikutokana na ari ya walimu. Utafiti wa nishati wa mwaka 2019/20 ulionyesha kuwa kaya zilizounganishiwa umeme Tanzania Bara zilikuwa chini ya asilimia 40, na kwa vijijini zilikuwa takribani robo tu ya kaya zote. Televisheni inahitaji umeme na king'amuzi, na somo la mtandaoni linahitaji simu ya kisasa, kifurushi na mnara ulio karibu. Redio ndiyo iliyobaki kuwa chombo cha wengi, lakini redio haioni daftari la mwanafunzi.

Sura mbili za Mtwara

Mkoa wa Mtwara, wenye wakazi 1,634,947 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, una sura mbili zinazokaribiana kijiografia na kutofautiana kimaisha. Manispaa ya Mtwara Mikindani ina bandari, vyuo na umeme unaozalishwa kwa gesi asilia ya Ghuba ya Mnazi. Gesi hiyohiyo husafirishwa kutoka Madimba kwa bomba hadi Dar es Salaam.

Upande wa kusini na mashariki kuna vijiji vya wavuvi na wakulima, vikiwamo vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mkazi wa Msangamkuu huuona mji ng'ambo ya maji, lakini huvuka kwa chombo ili kuufikia. Huko, mwalimu ndiye mara nyingi mtu pekee anayeweza kumweleza mtoto somo alilolisikia redioni.

Suala la lugha nalo lina nafasi yake. Watoto wengi wa vijiji vya Wamakonde huanza shule wakizungumza Kimakonde nyumbani, na Kiswahili fasaha cha mtangazaji wa Dar es Salaam humpita kwa kasi mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu aliye mbele yake huona uso usioelewa, akarudia.

Majira ya mwaka yaliongeza ugumu. Fedha ya korosho, zao linaloubeba uchumi wa mkoa huu, huingia mikononi mwa wakulima kuanzia Oktoba hadi Januari. Shule zilifungwa Machi hadi Juni, wakati akiba imepungua na mkulima anatafuta fedha za salfa ya kupulizia mikorosho. Ndiyo miezi ambayo familia ya kijijini ina uwezo mdogo kabisa wa kununua vifurushi vya intaneti, na ndiyo miezi ambayo mkono wa mtoto unahitajika shambani.

Hoja za wazazi

Wazazi waliotaka watoto wabaki nyumbani walikuwa na hoja nzito. Madarasa ya shule nyingi za Serikali yana wanafunzi wengi, hasa baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016, na kukaa mita moja mbalimbali katika dawati la watoto watatu haiwezekani. Katika nyumba ambamo bibi na babu wanaishi na wajukuu, hofu haikuwa juu ya mtoto peke yake, bali juu ya kile ambacho angerudi nacho jioni.

Wazazi wa shule za bweni walikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Shule kama ya Wasichana Mtwara na ile ya Ufundi Mtwara hupokea wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali, na kila kufunga na kufungua humaanisha safari ndefu za mabasi zinazochanganya watu wa sehemu nyingi.

Wengine walitaka shule zifunguliwe mapema, na hoja zao hazikuwa dhaifu. Mama anayeuza samaki feri hawezi kumsimamia mtoto asome saa mbili asubuhi, na mzazi asiyejua kusoma hawezi kusahihisha hesabu za mwanawe. Katika shule binafsi, suala la ada lilizusha mvutano nchini kote: mzazi aliuliza kwa nini alipie muhula ambao mtoto hakuwa darasani, na mwenye shule akauliza mishahara ya walimu itatoka wapi.

Hoja za walimu

Walimu nao hawakuwa na sauti moja. Waliounga mkono masomo ya mbali waliona fursa ya kuzoeza shule teknolojia iliyokuwa ikisemwa kwa miaka mingi bila kutekelezwa, na baadhi yao walikuwa na umri au maradhi yaliyowaweka katika hatari kubwa zaidi iwapo wangeambukizwa.

Waliopinga walisema kufundisha si kupeleka maelezo tu. Mtoto anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu anahitaji kusikilizwa anaposoma na kurekebishwa papo hapo. Kwa madarasa ya chini, kipindi cha redio kinaweza kuchangamsha, lakini hakimwambii mwalimu ni nani aliyeachwa nyuma.

Hoja nyingine ilihusu gharama. Mwalimu aliyetuma mazoezi kwa simu alitumia kifurushi chake mwenyewe, na mwalimu wa shule binafsi alifanya hivyo wakati mwingine akiwa amepunguziwa mshahara au hajalipwa kabisa.

Wasichana na gharama isiyoonekana

Mtoto akiwa nje ya shule kwa muda mrefu hapotezi somo peke yake. Katika mikoa ya kusini, ambako jando na unyago bado vina nguvu, viongozi wamekuwa wakisisitiza kwa miaka mingi kuwa shughuli hizo zifanyike wakati wa likizo ili zisivuruge masomo. Likizo isiyo na mwisho unaojulikana huondoa mpaka huo.

Hatari kubwa ilikuwa mimba. Mwaka 2020, msichana aliyepata ujauzito aliondolewa katika mfumo rasmi wa shule za Serikali, na kujifungua hakukumrudishia nafasi yake. Utaratibu huo ulibadilishwa Novemba 24, 2021, Serikali ilipotangaza kuwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea. Kwa msichana aliyepata mimba wakati shule zimefungwa, ruhusa hiyo ilikuja zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Majirani walivyoamua

Mwezi Aprili 2020, kwa mujibu wa Unesco, kufungwa kwa shule kuliwagusa wanafunzi takribani bilioni 1.5 duniani. Afrika Mashariki kila nchi ilichukua njia yake. Burundi haikufunga shule zake. Kenya ilifunga Machi 2020, ikarejesha baadhi ya madarasa Oktoba 12, na kufungua yote Januari 4, 2021. Uganda ilifungua na kufunga kwa awamu, na madarasa yote yakarejea Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baada ya kufungwa.

Ikilinganishwa na nchi hizo mbili, Tanzania ilifunga kwa muda mfupi. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa mwaka 2020, ufaulu ulikuwa asilimia 82.68 ukilinganishwa na asilimia 81.5 mwaka 2019. Hata hivyo, takwimu hiyo inahusu watoto wa darasa la saba waliofika kwenye chumba cha mtihani. Haisemi lolote kuhusu mtoto wa darasa la pili aliyesahau silabi, wala kuhusu yule ambaye hakurudi.

Uzoefu wa zamani

Masomo ya mbali si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini kusikiliza redio kwa vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na vitabu vyake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, makumi ya maelfu ya walimu wa Elimu ya Msingi kwa Wote walifunzwa wakiwa kazini, kwa posta na redio. Katika mipango yote miwili, redio ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuongoza kikundi.

Mtwara yenyewe iliwahi kuwa uwanja wa majaribio. Kuanzia mwaka 2011, mradi wa Elimu ya Msingi ya Karne ya 21, uliofadhiliwa na Marekani, ulipeleka kompyuta na mafunzo ya kusoma katika shule za msingi za Mtwara na Zanzibar. Baada yake ulifuata mradi wa Tusome Pamoja, ambao Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa yake. Vifaa vya miradi hiyo, hata hivyo, vilikusudiwa kutumika shuleni, na shule zilipofungwa havikuweza kumfuata mtoto nyumbani.

Swali lililobaki

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kuwa Covid-19 si dharura tena ya kimataifa, lakini sababu za kufunga shule hazijakwisha. Mlipuko wa Marburg ulitokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Pwani ya Mtwara ina hatari zake pia. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa maeneo ya chini walitakiwa kuhama, na Oktoba 14, 2020, wiki moja tu baada ya mtihani wa darasa la saba, kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji waliotokea ng'ambo ya Ruvuma.

Tangu wakati huo, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vimegawiwa kwa walimu, na umeme umefika katika vijiji vingi zaidi. Hayo ni maandalizi upande wa mwalimu. Upande wa mwanafunzi, mahitaji ni madogo zaidi na ya bei nafuu: kitabu cha kiada anachoruhusiwa kwenda nacho nyumbani, redio moja kwa kundi la kaya chache, na mtu mzima wa kijiji aliyepangwa mapema kuwakusanya watoto wachache chini ya mkorosho, hewa ikipita.

Mipango hiyo isipowekwa kabla ya dharura ijayo, mjadala wa darasani au nyumbani utabaki kuwa wa wale wenye uwezo wa kuchagua. Mtoto wa Shangani atahamia kwenye simu ya mzazi wake, na mtoto wa Msimbati atasubiri kengele ya shule.