Chemirocha Ziko Tatu. Mimi Nilisikiza Moja Tu, Nikawapotosha

Leo nataka kurekebisha kitu nilichosema mwenyewe.

Mwaka jana niliweka post kuhusu wimbo unaoitwa Chemirocha. Kama uliiona, unakumbuka hadithi yangu: Mzungu anafika upande wa Kericho mwaka wa 1950 na mashine ya kurekodi, anakuta wasichana wa Kipsigis wanaimba kuhusu Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa country wa Marekani. Jina lake limegeuka kuwa Chemirocha, na yeye mwenyewe amegeuka kuwa nusu mtu, nusu swara. Nikamalizia na maneno kama, "Hawa mashosho wetu walidhani redio ina mnyama ndani." Watu walicheka sana. Mpaka leo hakuna post yangu imesambaa kama hiyo.

Halafu mwezi wa nne kogo akaja Langas. Kogo ni mama ya mama yangu, Mkipsigis, alikuja kukaa kwetu wiki mbili kwa sababu ya kliniki ya macho. Babangu ni Mluhya, kwa hivyo nyumbani tunaongea Kiswahili, na Kipsigis changu ni cha kuomba chai na kusalimia tu. Binamu yangu, mdomo haufungi, akamwonyesha kogo ile post na kumtafsiria. Kogo hakukasirika. Aliomba simu, akasema acheze wimbo wenyewe, si mimi nikiongea. Akasikiza mara mbili. Halafu akaniuliza swali moja, mama akatafsiri: "Mtu anayeambiwa aruke mpaka nguo zimtoke, huyo anaabudiwa ama anachekwa?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo kazi ilianza.

Twende polepole. Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka wa 1897, akafanya kazi kwenye reli, ndiyo maana aliitwa mwimbaji wa breki za treni. Alirekodi mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, Tennessee, na kifua kikuu kikamuua mwaka wa 1933. Miaka sita hivi ya kurekodi, basi. Lakini sahani zake zilizunguka dunia, na sauti yake ile ya kuruka kutoka chini kwenda juu kwa ghafla ikafika mpaka Bonde la Ufa kupitia gramafoni. Ukitaka kujua kama hiyo mbegu ilishika, panda matatu ya Langas kwenda tao Jumapili asubuhi. Ukikosa kusikia Don Williams, ujue dereva si wa hapa.

Huyo aliyerekodi aliitwa Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1903, akaishi kusini mwa Afrika karibu maisha yake yote, na akazunguka nchi nyingi za bara hili akirekodi muziki. Mwaka wa 1954 alianzisha maktaba inayojulikana kama ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Mfululizo wake mkubwa, The Sound of Africa, una sahani zaidi ya 200. Bila yeye mimi nisingekuwa na wimbo wa kuandikia. Hilo ni lazima niliseme kwanza, kwa sababu nitamkosoa kidogo hapa chini.

Sasa, kitu ambacho sikuwaambia mwaka jana, kwa sababu sikujua: Tracey hakurekodi Chemirocha moja. Alirekodi tatu. Kwenye orodha zimeandikwa Chemirocha I, II na III. Ile inayozunguka kwenye intaneti, ile niliyoweka mimi, ni ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake.

Nilikaa nazo zote tatu wiki nzima. Earphone masikioni, nikienda dukani, nikirudi, nikilala.

Ya kwanza na ya pili ni za wanaume. Kuna sauti ya mwanaume na chepkong, kile kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis. Kinanda kinashika kifungu kifupi na kukirudia, kukirudia, kukirudia, na sauti inakaa juu yake kama mtu anayepiga stori akiwa ameegemea ukuta. Hakuna haraka. Ukizifuatanisha hizo mbili utasikia ni ndugu, lakini si pacha. Kila mwimbaji ana mwendo wake wa kuingia na kutoka.

Halafu ya tatu. Kinanda bado kiko chini, kinazunguka. Lakini juu yake kuna mmoja anayeongoza na wengine wanaojibu, sauti za juu, nyembamba, zimebanana pamoja. Jina Chemirocha linarudi na kurudi mpaka linaacha kuwa jina la mtu. Ni fupi, na inaisha kabla hujaizoea, ndiyo maana unairudia. Tracey alikuwa na tabia ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu na sauti anayoitaka. Kwa hivyo unachosikia si tu wasichana wakiimba. Unasikia pia mtu akichagua wewe utasikia nini.

Kwa nini nawapeleka kwenye zote tatu? Kwa sababu ukisikia ya tatu peke yake, hadithi ya kuchekesha inaingia vizuri. Unaona wasichana wachanga, hawajui mambo, wamesikia mashine, wakaogopa, wakatengeneza mungu. Lakini ukisikia ya kwanza na ya pili, hiyo hadithi inaanza kuvuja. Kumbe waimbaji tofauti walikuwa na wimbo kuhusu jina hilo hilo, kila mmoja kwa njia yake. Wanaume na kinanda, wasichana na kiitikio. Huo ni mtindo ulioshika. Hapa kwetu ngoma moja ikitoka leo, kesho kuna toleo la kanisa, toleo la gengetone na toleo la mtoto wa darasa la tatu. Hakuna anayesema sisi tumeogopa ngoma. Tunasema imebamba.

Na sasa ule "mungu". Maelezo yaliyoandikwa pamoja na rekodi ya tatu ni ya Tracey mwenyewe. Ndiye aliyesema kwamba Chemirocha amekuwa kama Pan wa kwao, mwenye miguu ya swara. Pan ni nani? Ni mungu wa Wagiriki wa kale, nusu mtu, nusu mbuzi. Hakuna msichana wa Kapkatet aliyekuwa na Pan mwaka wa 1950. Pan alikuja kwenye gari la Tracey, kwenye kichwa cha mtu aliyelelewa Uingereza. Maelezo hayo hayo yanasema wasichana wanamhimiza Chemirocha aruke dansi ya kwao kwa nguvu mpaka atoke ndani ya nguo zake. Rudi kwa swali la kogo. Kuna ibada ya namna hiyo?

Hebu fikiria hapa Eldoret, mji wa wakimbiaji. Tukisema fulani ana miguu ya swara, kuna mtu anayekimbilia kuandika kwamba watu wa Eldoret wanaamini katika viumbe nusu mnyama? Tunasema hivyo kila wiki. Ni sifa. Wakati mwingine ni sifa, wakati mwingine ni utani, na mara nyingi ni zote mbili kwa pamoja. Kogo aliniambia kwake ule wimbo unasikika kama wasichana wanamchokoza mwanaume ambaye hayupo, kwa hivyo hawezi kujitetea. Simchukui kogo kama mahakama. Yeye ni mtu mmoja, na mwaka wa 1950 alikuwa mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni. Lakini anaijua lugha, na mimi siijui, na nilikuwa nimeongea kwa sauti kubwa kuliko yake.

Nitoke nje ya Kenya kidogo, kwa sababu kuna kitu kilinisaidia kuelewa. Mwaka wa 1964 Mmarekani anayeitwa Terry Riley aliandika kazi inayoitwa In C. Ni vifungu vifupi 53 tu, karatasi moja. Kila mwanamuziki anarudia kifungu mara anazotaka, halafu anaenda kinachofuata, lakini kundi lisiachane sana. Basi. Wazungu wanauita mtindo huo minimalizimu: kitu kidogo, kirudiwe mpaka uanze kusikia vitu ulivyopita bila kuviona. Imerekodiwa mara nyingi sana. Kuna ya mwaka wa 1968 ya Riley mwenyewe. Kuna ile ya Africa Express iliyorekodiwa Bamako, Mali, na kora na balafoni ndani. Ukicheza hizo mbili huwezi kuapa ni kazi moja, lakini ni moja. Na wapenzi wa In C hawaulizi ipi ndiyo ya kweli. Wanazipanga, wanazilinganisha, wanabishana kuhusu nani alikwenda pole na nani alikimbia. Kila rekodi inahesabiwa kama uamuzi wa watu wenye akili.

Heshima hiyo ndiyo nataka kwa Chemirocha. Kinanda kinarudia kifungu kidogo, sauti zinaingia juu yake, kila toleo lina uamuzi wake. Bamako ikifanya hivyo na wimbo wa Mmarekani, dunia inaita ubunifu. Kapkatet ikifanya hivyo na jina la Mmarekani, tunaita ushamba. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele kuita.

Sasa mnaweza kusema, we bro, ni post tu, tulia. Ngoja niwaambie kwa nini sitatulia.

Mimi nimekulia Langas. Hapa plot moja ina Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mkisii, na choo ni kimoja. Mwisho wa 2007, kuingia 2008, nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka moshi na nakumbuka mama akinifunga mdomo na kiganja. Babangu alikuwa wa "wale" kwa watu fulani, mamangu alikuwa wa "wale" kwa watu wengine, na mimi nilikuwa kwenye blanketi katikati. Mambo hayo yalikuwa na sababu nyingi, ardhi na siasa mbele. Lakini nyumba zilipochomwa, maneno yalikuwa tayari yapo, yamezoeleka. Yalikuwa vichekesho vya "hawa watu wako hivi". Hawa wajinga, hawa wezi, hawa washamba. Miaka mingi tulikuwa tunacheka tu.

Post yangu ilikuwa kichekesho cha aina hiyo. Nilikuwa najificha nyuma ya mama, ati mimi pia ni nusu Mkipsigis kwa hivyo naruhusiwa. Nilirudi kusoma mlichoandika chini yake. Kulikuwa na vicheko vingi, halafu kulikuwa na vile vingine. Mnajua vile ninavyosema. Nimeifuta.

Kuna jambo lingine. Rafiki yangu mmoja anatengeneza biti hapa karibu na Kisumu Ndogo, na aliposikia ya tatu alitaka kukata sauti za wale wasichana aziweke kwenye drill. Nilitaka sana, na biti ilikuwa kali. Lakini hizi rekodi si yatima. Kufikia 2015 ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, walikuwa wamezirudisha nakala upande wa Wakipsigis. Walizunguka vijijini wakatafuta watu wenyewe, na baadhi ya waliohusika walikuwa bado hai, wazee sasa. Kwa hivyo kuna mlango wa kubisha. Tunabishana mpaka leo nani alitunga Malaika na nani alikula pesa zake, na bado tunataka kufanya vile vile kwa Chemutoi Ketienya, ambaye jina lake limeandikwa pale wazi. Nilimwambia rafiki yangu tuandike barua kwanza. Amenuna. Barua tumeandika.

Ombi langu ni dogo. Tafuta zote tatu. Anza na I, halafu II, halafu III, kwa mpangilio huo, bila kusoma maelezo ya mtu yeyote, hata haya yangu. Halafu kama una kogo, cucu, kukhu, dani, yeyote anayejua lugha kuliko wewe, mpe earphone moja na wewe ubaki na moja. Usimwambie chochote. Ngoja aulize yeye.

Kogo amerudi kwake. Kabla hajaondoka aliniomba nimwekee zote kwenye simu yake ya mulika mwizi. Ilibidi nimnunulie memori kadi. Mama anasema sasa anacheza ile ya kwanza ya wanaume zaidi ya ile ya wasichana. Nikamuuliza kwa simu, kwa nini hiyo? Akasema kinanda kinasikika vizuri. Hakusema kitu kingine.