Ufadhili wa PhD ya usalama wa mtandao: unaingiaje bila kuliwa hela

Leo naomba tuongee jambo la shule kubwa kidogo. Najua wengi mnaonisoma hapa Singida mko diploma au digrii ya kwanza, wengine kama mimi mmeishia sekondari, lakini msifunge ukurasa.

Mwezi uliopita dada yangu mmoja, mtoto wa shangazi, alinikuta kafe na bahasha ya vyeti. Ana masta ya kompyuta, anafundisha, na anataka PhD ya usalama wa mtandao. Akaniambia, "Mdogo wangu, niskanie hivi, nimeshapata nafasi." Nikamuuliza nafasi ipi. Kumbe kuna jamaa kajiita wakala wa ufadhili, kamlipisha shilingi laki mbili na nusu eti ya "kuhifadhi kiti". Hela ya alizeti ile, magunia yameuzwa. Simu ya wakala hadi leo haipatikani. Inauma zaidi ukikumbuka huyu anataka kusomea wizi wa mtandaoni!

Basi tukakaa chini, tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza mjue hizi programu zipo kweli na Watanzania wamepita humo. Miaka ya 2000 shirika la Sweden la Sida lilisaidia mafunzo ya watafiti wa hapa kwa mtindo wanaouita sandwichi: unasoma kipande Sweden, kipande unarudi nyumbani kukusanya data. Chuo Kikuu cha Stockholm kilitoa watu wa usalama wa mifumo kwa njia hiyo. Charles Tarimo alimaliza 2006, akaandika kuhusu nchi zinazoendelea zijipimeje kama ziko tayari kiusalama. Jabiri Bakari alimaliza 2007. Yeye aliangalia taasisi za Tanzania zisizo za biashara, na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba mabosi na mafundi wa kompyuta hawaelewani: bosi anaona usalama ni kazi ya fundi, fundi hana bajeti wala sauti. Nadhani hata leo ukiingia ofisi nyingi hapa mjini utakuta hayo hayo. Bakari baadaye aliongoza Wakala ya Serikali Mtandao, na mwaka 2021 akateuliwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA. Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo PhD haina kazi Bongo, mwonyeshe huyo.

Sasa milango ya siku hizi. Mmoja ni RSIF, mfuko wa ufadhili wa PhD ulio chini ya PASET, mpango ambao serikali za Afrika na Benki ya Dunia waliuanzisha 2013. Mfuko unasimamiwa na icipe, Nairobi. Una maeneo matano ya kipaumbele na TEHAMA ni mojawapo, pamoja na data kubwa na akili bandia, kwa hiyo mtu wa usalama wa mtandao anaingilia hapo. Unasoma chuo kilichochaguliwa Afrika, halafu unapelekwa kwa muda kwenye chuo au taasisi mshirika nje. Sandwichi ileile. Nafasi hazifunguliwi kila siku, zinatangazwa kwa awamu, kwa hiyo lazima uchungulie mara kwa mara.

Mwingine ni wa Jumuiya ya Madola, kusoma Uingereza. Huu una mtego wake: kujaza fomu mtandaoni peke yake hakutoshi, unatakiwa upendekezwe na chombo kinachotambulika, na kwa Tanzania kimojawapo ni wizara ya elimu. Kuna watu wanajaza vizuri kabisa wanasahau hilo.

Hapa nyumbani unaweza kuanzia UDOM, kile chuo chao cha TEHAMA kinaitwa CIVE (basi tu kutoka hapa, unafika Dodoma mchana), au CoICT ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nelson Mandela kule Tengeru, Arusha. Kama uko kazini chuoni, muulize mkuu wako kuhusu mradi wa HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nao unasomesha wahadhiri.

Haya, kuingia kwenyewe. Nilidhani kazi ni fomu. Siyo. Kazi ni msimamizi, yaani profesa atakayekubali kukuongoza. Bila yeye maombi mengi ya PhD hayaendi popote. Dada alikuwa anaandika "naomba nafasi ya kusoma usalama wa mtandao" na kutuma kwa maprofesa kumi kwa mpigo. Hakuna aliyejibu, na mimi ningekuwa profesa nisingejibu pia. Tukabadilisha. Soma kwanza andiko moja la huyo profesa, kisha mwandikie mistari kumi: wewe nani, swali lako ni lipi, na linagusaje kazi yake.

Swali lipi? Hapa ndipo Singida ina mali. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimewaliza wangapi? Tangu M-Pesa ianze hapa 2008, mkulima wa Iramba analipwa alizeti kwenye simu. Laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, lakini utapeli haukuisha. Kwa nini? Hilo ni swali la PhD kabisa. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: je, mwenye kafe anajua afanye nini na nakala za vitambulisho vilivyobaki kwenye mashine yake? Dada kachagua hili la pili. Alipomwandikia profesa mmoja, alijibiwa baada ya siku nne.

Vingine ni vya kawaida: vyeti na matokeo ya digrii zote, barua za wadhamini wawili au watatu wanaokujua kimasomo, pasipoti, pendekezo la utafiti. Kama ulisoma nje ya nchi, peleka vyeti TCU vitambuliwe mapema. Wadhamini wakumbushe, maana wazee wana mambo mengi.

Kuhusu hela: mfadhili wa kweli hakuuzii nafasi. Chuo kinaweza kuwa na ada ya maombi, lakini chuo cha umma kinakupa namba ya malipo ya serikali, ile kontro namba. Ukiambiwa utume kwenye laini ya mtu, funga mkoba uondoke.

Na mnaotumia kafe kama sisi: usikubali kivinjari kitunze nenosiri lako. Ukimaliza toka kwenye barua pepe, futa ulichopakua na ulichoskani, futa na kwenye pipa la taka. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwa simu. Siku ya kupekua mashine tuliyokaa tulikuta pasipoti za watu watatu. Tulizifuta.

Halafu saa. Mwisho wa maombi ukiandikwa 23:59 kwa saa za GMT, kwetu ni saa 8:59 usiku. Usijidanganye kwamba una muda wa ziada, kafe inafungwa saa 3 na mtandao unajaa siku ya mwisho. Sisi tulituma siku sita kabla, saa 5 asubuhi, umeme ukakatika dakika chache baada ya ujumbe wa kupokelewa kuingia.

Majibu bado. Profesa kamwambia dada aendelee kusoma wakati anasubiri, kwa hiyo kila Jumamosi yuko hapa kafe, mashine ya dirishani. Yakitoka, mazuri au mabaya, nitawaandikia.