Asili ya Jina Kilwa na Matumizi Yake

Mtu wa Mitole, bara ya Kilwa, akisema, "Naenda Kilwa," mwenziwe hana budi kumwuliza, "Kilwa ipi?" Maana ziko tatu. Iko Kilwa Kisiwani, mji wa kale wenye magofu. Iko Kilwa Kivinje, iliyostawi katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe na watumwa iliyotoka upande wa Nyasa. Na iko Kilwa Masoko, makao ya wilaya siku hizi. Watu walipohama jina liliwafuata, na kila mji mpya ukarithi jina la mzee wake.

Majina ya nyuma hayana fumbo. Kisiwani ni mahali pa kisiwa. Kivinje lafanana na mvinje, mti wa pwani. Na Masoko kila mtu alijua. Lakini neno la mbele, Kilwa, halina maana katika Kiswahili cha leo. Jambo hilo lenyewe ni ushahidi, kwa kuwa jina lililosahauliwa maana yake kwa kawaida ni kongwe. Basi hutokea watu wakalitafutia asili katika lugha za wageni. Twataka kuonyesha kwamba wageni hawakulileta jina hili. Walilisikia, kila mmoja kwa sikio lake.

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika Kilwa mwaka 1331. Alijihadhari jina lisikosewe, akaeleza kuwa kafu ina alama ya u, lamu haina irabu, na wau ina alama ya a, yaani Kulwa. Tena iko tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, ambayo nakala yake imehifadhiwa London. Jina lake ni Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, na mwenye kulisoma aona mara moja kwamba Sulwa na Kulwa vina vyake vyapatana. Kwa hiyo hapana shaka kwamba Waarabu wa zamani hizo walitamka u.

Je, asili ndiyo hiyo? Katika Kiarabu cha Yemen, kulwa ni figo. Na sultani aliyempokea Ibn Battuta alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ambao asili yao husemwa ni Yemen. Yamkini sikio la Mwarabu lilivutwa na neno alilolizoea. Lakini kufanana si udugu. Wasukuma na Wanyamwezi humwita pacha wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na majina hayo yameenea Tanzania nzima. Wala hakuna asemaye kwamba mji wa Kilwa ulipewa jina la pacha. Vivyo hivyo, iko Kilwa katika ziwa Mweru, kisiwa upande wa Zambia na mji upande wa Kongo. Na iko Kilwa nyingine, magofu ya jangwani kaskazini-magharibi ya Arabuni. Mwenye kuyaunganisha yote kwa sauti tu hujenga nyumba bila msingi.

Baada ya Waarabu walikuja Wareno. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akamtoza mtawala kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji akajenga ngome. Wao waliandika Quiloa. Asiyejua desturi ya maandishi yao husoma Kwiloa, naye amekosea. Katika Kireno, qu mbele ya i hutamkwa k. Tena hawakuwa na herufi w, wakaweka o mahali pake. Basi Quiloa ni Kilwa iliyovaa nguo za Kireno. Kwa nguo hizo ilisafiri mbali: João de Barros aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, na Mwingereza John Milton akaitia katika utenzi wake mkuu wa mwaka 1667, ingawa hakupata kuiona pwani hii.

Faida ya Wareno kwetu ni hii: wao hawakulipata jina katika maandishi ya Kiarabu, ambayo mara nyingi huacha irabu fupi, bali walilisikia midomoni mwa watu, nao walisikia i, kama wenyeji wasemavyo hata leo.

Haya si mabishano ya herufi tu. Wako waliosema kwamba Kilwa ni kazi ya wageni kutoka Shirazi, na wenyeji walikuwa watazamaji. Lakini tarikh zenyewe zasema kwamba mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo, naye aliyekiuza alikuwa mwenyeji. Tena Neville Chittick, aliyechimba magofu na kuichapa habari yake mwaka 1974, alikuta mabaki ya makao yaliyotangulia ukoo huo wa wageni. Palipouzwa palikuwa na mwenyewe, na penye mwenyewe hapakosi jina. Anunuaye shamba hulikuta lina jina lake.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, hasa wenye wazee katika vijiji vya Kilwa na Lindi, wasikimbilie kamusi za mbali kabla ya kuwauliza walio karibu. Vitabu vyatuonyesha jinsi wageni walivyolisikia jina. Waliolisema kwanza walikuwa wenyeji, nao wajukuu zao wangali wakilisema.