Bati Lisilo Bati

Anayesema leo kwamba amenunua bati haulizwi ni bati la namna gani. Ni lile la kuezekea, lenye migongo na mifereji, liuzwalo kwa geji, ambalo mvua ya masika ikilipiga mazungumzo ya ndani hukatika. Neno limepanda paani likakaa huko. Lakini lau kipande cha bati hilo kingepelekwa kwa mkemia, angekuta ni feleji, yaani chuma cha pua, iliyovishwa utando mwembamba wa zinki ili isishikwe na kutu. Yale maua yanayometa juu ya bati jipya la kizamani ni fuwele za zinki zilizoganda. Bati lenyewe, metali laini ya rangi ya fedha ambayo wanasayansi huiandika Sn na kuipa namba 50, wala si sehemu ya bidhaa hiyo. Jambo hili lingefaa kutegwa barazani: jina liko paani, mwenye jina yu ardhini.

Ardhi hiyo, kwa Tanzania, ni hasa ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, pale mto Kagera unapozunguka kuipakanisha nchi na Rwanda na Uganda. Miamba ya huko ni maarufu kwa wanajiolojia kiasi cha kuubeba wasifu wa nchi mbili za kale kwa pamoja: huitwa ukanda wa Karagwe na Ankole. Takriban miaka milioni 1,000 iliyopita, matale yaliyoyeyuka yalijipenyeza chini ya miamba hiyo, na maji ya moto yaliyotoka humo yakapanda katika nyufa yakiwa yamebeba bati. Yalipopoa, yaliacha mishipa ya mawe meupe ya kwazi, na ndani yake punje nyeusi au za kahawia zisizovutia macho. Punje hizo ndizo bati, likiwa bado limefungamana na oksijeni. Uzito wake ndio unaozisaliti. Kwazi ina uzito wa mara mbili na nusu hivi ya maji; punje za bati hukaribia mara saba. Kwa hiyo mchimbaji mdogo hahitaji maabara: huponda jiwe, hutia maji katika karai, hulizungusha, mchanga mwepesi ukatoka na maji, na kile kizito kikabaki chini.

Karai hilo lina ndugu wa sauti ambaye watu wa visiwani hawana budi kumkumbuka. Kabla neno bati halijatapakaa, pwani ilikuwa na neno kalai. Karai ni chombo, nalo lilikuja na Wahindi. Kalai ni metali yenyewe, nalo lilikuja na Waarabu waliosema qal'i. Waturuki husema kalay, na Wahindi nao hulitumia kwa kazi ile ile. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 10 walilihusisha jina hilo na Kalah, bandari ya upande wa Malaya, ambako madini hayo yalikuwa yakitoka. Hivyo neno hilo fupi ni hati ya safari: kutoka Mashariki ya Mbali, kwa jahazi na msimu, hadi katika vyungu vya Waswahili. Wagiriki wa kale nao waliota ndoto ya Visiwa vya Bati mahali fulani magharibi mwa dunia, lakini Herodotus, ambaye hakuwa mchoyo wa hadithi, aliandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo kwamba visiwa hivyo yeye havijui.

Kwa nini mpishi alihitaji kalai? Kwa sababu shaba ni karimu kwa moto lakini si mwaminifu kwa tumbo. Sufuria ya shaba ikilazwa na ukwaju au ndimu, tindikali huilamba, na mlaji huishia kutapika. Dawa yake ni kuitia kalai kwa ndani. Fundi hukisugua chombo mpaka kikatakata, hukiweka juu ya mkaa, hupitisha unga wa chumvi unaomaliza uchafu uliosalia, kisha huligusisha kalai na kulitandaza upesi kwa tonge la pamba. Kazi hiyo yawezekana kwa sababu bati huyeyuka kwa nyuzi joto 232 tu, ilhali shaba hungoja hadi 1,085. Chombo hubaki imara huku kalai likitiririka kama samli. Dele la kahawa lililotiwa kalai vyema lilikuwa jeupe ndani kama mwezi, na wanywaji waliokaa kulizunguka hawakuwa na haja ya kujua kwamba kati ya kahawa yao na shaba palikuwa na ngozi ya Malaya.

Tena bati lina tabia ambayo washairi wangelipenda: hulia. Mche wa bati safi ukikunjwa karibu na sikio, hutoa mlio mwembamba wa kukwaruza, kwa kuwa fuwele zake hupinduka ghafla zikisuguana. Likikaa muda mrefu katika baridi kali huugua, likageuka unga wa kijivu, na mafundi wa vinanda vya makanisa ya Ulaya waliuona ugonjwa huo katika mabomba yao. Asubuhi za Karagwe zina ukungu, lakini baridi yake haifiki huko.

Sasa ndipo historia inapofanya mzaha wake. Katikati ya karne ya 19, njia ya misafara kutoka pwani ilipanda kupitia Tabora hadi Karagwe. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliweka kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya wafalme wa ukoo wa Bahinda. Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda tangu mwaka 1844 wakati wa Kabaka Suna, aliishi Kafuro miaka mingi. Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 walipokewa kwa heshima, na Stanley naye mwaka 1876. Kilichopanda kwa njia hiyo kilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Kilichoteremka kilikuwa pembe. Katika nyumba ya hazina ya Rumanyika, Stanley aliona sanamu za bata za shaba ya njano zenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wasio na vichwa. Mfalme, basi, alikuwa na bata. Bati hakuwa nalo. Na shaba ya njano haina bati ndani yake: ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, ile ile ambayo baadaye ingekuja kulinyang'anya bati jina lake juu ya mapaa.

Ni vigumu kutotabasamu ukiifikiria misafara ile. Kama kulikuwa na chombo kimoja tu cha shaba kilichotiwa kalai katika mizigo ya wapagazi, na ni ajabu kama hakikuwapo, basi kalai la Malaya au la kisiwa cha Bangka lilisafirishwa kwa vichwa vya watu hadi katika nchi yenye kalai lake chini ya nyayo zao. Wahunzi wa Karagwe walikuwa wakiyeyusha chuma, na tanuri iliyoweza chuma isingeshindwa na bati. Waafrika wa Jos huko Nigeria, na wa Rooiberg huko Afrika Kusini, waliliyeyusha kabla ya ukoloni. Karagwe, hata hivyo, hukumbukwa kwa nyundo, majembe na ng'ombe wa chuma. Zile punje nyeusi haziko katika sifa za wafalme wake. Kutojua huko si aibu ya mtu. Kitu kisicho na jina hupitwa hata na mwenye macho.

Uchimbaji ulianza katika miaka ya 1920, enzi ya Waingereza, Kyerwa na Murongo. Katika miongo hiyo hiyo jina lilikuwa likihama. Uingereza ilikuwa imempa Peter Durand hataza ya kopo la kuhifadhia chakula mwaka 1810, nalo lilikuwa karatasi ya chuma iliyovishwa bati. Debe la mafuta ya taa lilikuwa la namna hiyo hiyo, na hapo mwenye kuliita bati hakukosea sana, maana bati lilikuwapo, ingawa jembamba kuliko ganda la kitunguu. Debe likiisha mafuta lilipasuliwa, likanyooshwa, likaezekea vibanda. Yaelekea neno lilipandia paani kwa ngazi hiyo. Yalipokuja mapana yenye zinki, lilikuwa limeshakaa, likayapokea. Kalai likabaki kwa wazee na kwa mafundi wa kuunga, ambao waya wao wa kuungia waliendelea kuuita hivyo.

Nao ndio waliokuwa na haki. Leo karibu nusu ya bati la dunia huenda katika kuunga vipande vya umeme. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa hivyo, kalai la ndani ya simu na redio limekuwa bati kwa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Bei ilikwisha kuanguka vibaya baada ya Oktoba 1985, lilipofilisika Baraza la Kimataifa la Bati. Simu ikaipandisha tena.

Lakini mwaka 2010 likaja jaribu jingine la jina. Marekani ilitunga sheria ya kufuatilia madini ya vita vya Kongo, bati likiwamo, na sheria hiyo ikazigusa pia nchi zinazopakana na Kongo, Tanzania ikiwa mojawapo. Desemba ya mwaka huo viongozi wa Maziwa Makuu, wakiwa Lusaka, walikubaliana juu ya hati za kuonyesha madini yalikotoka. Shabaha ilikuwa njema. Kwa mchimbaji wa Kyerwa, ambaye kilima chake hakikupiganiwa na mtu, maana yake ilikuwa kwamba gunia lisilo na lebo halina mnunuzi wa halali, na ng'ambo ya Kagera kuna wa kulinunua bila kuuliza. Utoroshaji ukawa kilio cha kila mwaka. Masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, Kyerwa nayo ilipata lake, na hapo gunia hupimwa, hufungwa, likaandikwa lilikotoka. Juu ya mizani na makarani, dhidi ya mvua za Kagera, limeezekwa bati.