Kamera ya Bei Nafuu kwa Vikundi vya Parokia Vinavyoanza Kutengeneza Filamu

Kila mwaka, korosho zikishauzwa na wakulima kulipwa, hutujia vijana wa Lisekese na wa vigango vya huku Masasi, na wengine hushuka kutoka Newala, wakiwa na swali moja: «Baba, tununue kamera gani?» Wengine ni wanakwaya wanaotaka kurekodi nyimbo zao, wengine ni VIWAWA au wanafunzi wa TYCS wanaotaka kuigiza maisha ya watakatifu. Wapo pia, nao ndio wanaotugusa zaidi, wanaotaka kuhifadhi masimulizi ya wazee wao kabla wazee hao hawajaitwa na Bwana. Makala hii ni kwa ajili ya hao wote, pamoja na kamati za fedha zinazoombwa kuwachangia.

Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita vijana wa kigango kimoja cha uwandani walichanga fedha, wakaja kuomba ushauri. Tuliwaelekeza kwenye kamera mpya iliyokuwa dukani, yenye picha safi na bei waliyoimudu. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumhoji katekista mstaafu, mzee aliyefundisha dini kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, akisali kwa Kiswahili na kufafanua kwa Kimakonde na Kimakua. Walimkalisha chini ya mwembe, alasiri, upepo ukivuma. Mzee alizungumza karibu saa nzima. Tulipoketi kuitazama kazi hiyo, uso wake ulionekana vizuri mno, kila kunyanzi mahali pake. Lakini kilichosikika ni mvumo wa upepo, na maneno machache tu ya hapa na pale. Kamera ile haikuwa na tundu la kuchomekea maikrofoni. Tulisema tutarudi baada ya mavuno. Kabla ya mavuno tulimzika.

Tangu siku ile ushauri wetu ni huu: anayeanza achague kamera kwa sikio kwanza, kisha kwa jicho. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo au inayotikisika. Sauti isiyosikika hakuna awezaye kuivumilia, wala hakuna fundi atakayeirudisha.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa filamu za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, nao ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuonyeshwa Tanganyika na nchi jirani. Ili kupunguza gharama walitumia filamu nyembamba ya milimita 16 isiyobeba sauti, na maneno wakayaweka katika santuri zilizopigwa sambamba na picha. Atakayefikiri kidogo ataona ugumu wake: santuri ikitangulia au ikichelewa, mdomo unasema hili na sikio linasikia lile. Unafuu uliopatikana katika picha ulidaiwa kwenye sauti. Vijana wetu wa leo wanarudia biashara ileile bila kujua.

Basi, kwa kikundi kisicho na fedha nyingi, kamera ya kwanza ni simujanja ambayo mmoja wao tayari anayo. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau. Simu nyingi za miaka ya karibuni hurekodi picha ya kiwango cha HD kamili, yaani nukta 1920 kwa 1080, nacho kinatosha kwa ukuta wa ukumbi wa parokia. Fedha iliyochangwa inunue kwanza maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya nguo, kisha stendi ya miguu mitatu na kishikio cha simu. Maikrofoni iwe na kofia ya sifongo au manyoya ya kuzuia upepo. Uwandani bila kofia hiyo ni bure. Asiyeweza kununua hata maikrofoni achukue simu ya pili, aiwashe kinasa sauti, aiweke kwenye mfuko wa shati la msemaji, kisha apige kofi moja mbele ya kamera kabla ya mazungumzo. Mlio wa kofi hilo ndio utakaomsaidia kuoanisha sauti na picha atakapokuwa akihariri.

Kikundi kikikua, simu itaonyesha mipaka yake: ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu picha hujaa chembechembe, na mtu aliye mbali altareni hubaki mdogo. Hapo ndipo kamera yenye lenzi za kubadilishwa huanza kuwa na maana. Kwa bei nafuu, mara nyingi ni ya mtumba, na hapo majina hupotosha sana. Canon 600D ya mwaka 2011 na Canon 700D ya mwaka 2013 ni za zamani, lakini zote mbili zina tundu la maikrofoni na kioo cha nyuma kinachogeuka, hata anayejirekodi peke yake akajiona. Kinyume chake, Canon 1300D, 2000D na 4000D, pamoja na Nikon D3500, ambazo ni mpya zaidi, hazina tundu hilo. Muuzaji atakwambia kuwa ya 2018 ni bora kuliko ya 2011. Kwa anayepiga picha za mnato huenda anasema kweli. Kwa anayetaka kumsikia katekista, si kweli.

Kati ya hizo mbili za kwanza, sisi tungechukua 700D. Sababu ni ya kichungaji zaidi kuliko ya kiufundi: 600D husimama yenyewe faili linapofika ukubwa wa gigabaiti 4, yaani baada ya dakika kama 12 za HD kamili, na homilia za mapadre wetu hazijafika huko kwenye fundisho la pili. 700D huendelea hadi dakika 29 na sekunde 59, ndipo mpigapicha abonyeze upya. Zote mbili hutumia betri ya aina moja, LP-E8, inayodumu takriban saa moja na nusu ya kurekodi. Umeme wetu ukiwa ulivyo, nunueni mbili za akiba kabla hamjafikiria lenzi nyingine. Lenzi itakayofuata, fedha ikipatikana, iwe ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Ni ndogo na ya bei ya chini, nayo hupokea mwanga mwingi kuliko lenzi inayokuja na kamera, kwa hiyo inafaa kwa ibada za jioni.

Wenye fedha zaidi wanaweza kutazama Canon R50 ya mwaka 2023 au Sony ZV-E10 ya mwaka 2021, zote zenye tundu la maikrofoni na kioo kinachogeuka. Ni kamera nzuri. Lakini kikundi kinachoanza, ambacho hakijamaliza filamu hata moja ya dakika tano, tungekisihi kingoje.

Tumezoea kuzipangia kamati fedha hivi: nusu kwa kamera na lenzi yake, nusu ya pili kwa maikrofoni, stendi, betri, kadi ya kumbukumbu na begi. Kikundi chenye shilingi 1,200,000, kwa mfano, kitafute kamera isiyozidi 600,000. Vijana hulalamika. Tunawaachia walalamike.

Anayenunua mtumba aende mchana, tena asiende peke yake. Avue lenzi, aimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma: akiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, aiache. Arekodi dakika kumi mfululizo akiwa palepale dukani, maikrofoni ikiwa imechomekwa, kisha asikilize kwa visikilizi. Afungue na kufunga kioo cha kugeuza mara kadhaa, maana nyaya zake huchoka. Adai risiti ya EFD. Kifaa kisicho na risiti huenda kimeibwa, na amri ya saba haifutwi na unafuu wa bei.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wengi bila kujua chanzo chake: mistari ya giza inayopita kwenye video iliyopigwa ndani kwa mwanga wa taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara mbili ya mwendo huo bila macho kuona. Kamera iliyopangwa kwa mfumo wa Marekani, wa fremu 30, hugongana nao. Ingieni kwenye mipangilio, chagueni PAL badala ya NTSC, rekodini fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata iwe 1/50. Wenye simu za Android wanaweza kutumia programu ya bure iitwayo Open Camera, ambayo kwenye simu nyingi huruhusu kuchagua idadi ya fremu.

Uwanda wetu una maadui wake. Kuanzia Juni, mikorosho inapopulizwa salfa dhidi ya ubwiri unga, vumbi lake hupenya popote. Msibadilishe lenzi shambani siku hizo, na kamera ikae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Masika huleta unyevu, na unyevu huleta kuvu. Vijifuko vya chembechembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya msivitupe, viwekeni kwenye begi. Na atakayekwenda kupiga picha Shimo la Mungu kule Newala alfajiri angoje ukungu uinuke kwanza.

Kuhusu matumizi tutasema kwa ufupi, kwa kuwa tunaulizwa mara kwa mara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwahimiza waamini kuvitumia vyombo hivi kwa wema. Haukumpa mpigapicha ruhusa ya kusimama kati ya padre na altare. Wakati wa mageuzo, kamera itulie mahali pamoja. Kitubio hakirekodiwi kabisa, wala mgonjwa anayepokea Mpako bila ridhaa yake na ya nduguze. Yanayofanyika jandoni na unyagoni hayapigwi picha, hata kama kungwi mwenyewe ni mwanajumuiya wenu. Waliomo ni watoto. Filamu inayokusudiwa kuonyeshwa hadharani ina utaratibu wake chini ya Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na sura ya mtu ni taarifa yake binafsi inayolindwa na sheria ya mwaka 2022. Ombeni ridhaa kwa maandishi. Asiyejua kuandika aulizwe mbele ya kamera, na jibu lake lirekodiwe.

Kadi ya kumbukumbu si ghala. Jioni ileile, kabla ya chakula, nakilini kazi mahali pawili: diski moja ofisini kwa paroko, nyingine nyumbani kwa katibu wa kikundi, zisikae chini ya paa moja. Kila faili lipewe jina la mzee, kigango chake na tarehe. Kisha mmoja wenu alisikilize lote, mwanzo hadi mwisho, kwa visikilizi, kesho yake asubuhi, wakati mzee bado yupo na njia ya kwake bado inapitika.