Kanisa Dogo la Nossa Senhora do Baluarte, Kisiwa cha Msumbiji

Kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte, yaani Bikira Maria wa Buruji, lipo kwenye ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Msumbiji, katika Mkoa wa Nampula, nchini Msumbiji. Lilijengwa na Wareno mwaka 1522, na huhesabiwa kuwa jengo kongwe zaidi la Wazungu lililosalia katika kizio cha kusini cha dunia.

Historia

Kisiwa hicho chenye urefu wa takribani kilomita 3 na upana wa mita 500 hivi kilikuwa bandari ya wafanyabiashara Waislamu kabla ya kuja kwa Wareno. Jina lake huaminika kutokana na mtawala wake, Musa bin Mbiki. Vasco da Gama alitia nanga hapo Machi 1498, kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Malindi. Wareno walianza kuweka makazi mwaka 1507.

Meli zilizotoka Lisbon kwenda India zilitegemea pepo za kusi. Zilizochelewa zililazimika kukaa kisiwani kwa miezi mingi kusubiri msimu uliofuata, huku mabaharia wakiugua kiseyeye na homa. Wengi hawakuondoka tena. Kwa watu hao, kanisa lililotazama bahari lilikuwa mahali pa kushukuru kwa safari iliyopita na kuombea iliyobaki.

Muundo

Kanisa ni chumba kimoja cha mawe chenye dari la matao katika mtindo wa Kimanueli, uliostawi Ureno enzi za Mfalme Manuel wa Kwanza. Ndani yake mna makaburi ya kale. Ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558, ililiacha nje ya kuta zake. Ngome hiyo ilihimili mashambulizi ya Waholanzi mwaka 1607 na 1608.

Mji wa Mawe na mji wa makuti

Historia ya kanisa haitenganiki na ya wakazi wa kisiwa. Mawe ya majengo ya kaskazini yalichimbwa upande wa kusini, ambako wenyeji waliishi katika nyumba zilizoezekwa kwa makuti. Machimbo hayo yaliiacha ardhi ya kusini ikiwa chini kuliko barabara zake, na hadi leo mvua kubwa hutuamisha maji katika makazi hayo. Kisiwa kilikuwa pia kituo cha kusafirisha watumwa, na kilibaki makao makuu ya koloni hadi mwaka 1898.

Uhifadhi

Mwaka 1991 UNESCO ilikiorodhesha kisiwa chote, Mji wa Mawe pamoja na mji wa makuti, kuwa Urithi wa Dunia. Hata hivyo, chumvi ya bahari, unyevu na dhoruba huendelea kuyadhoofisha majengo yake. Machi 2022 Kimbunga Gombe kilipiga pwani ya Nampula na kusababisha uharibifu mkubwa kisiwani.

Kwa sababu hiyo, uhifadhi wa kanisa hili hauwezi kutazamwa peke yake. Kulinda kuta za mwaka 1522 huku makazi yaliyotoa mawe ya mji yakiendelea kufurika ni kuhifadhi nusu tu ya urithi wa kisiwa hicho.