Wafundisheni Watoto Kusikiliza



Watoto wetu wa kwaya hapa Bagamoyo, Tukuyu, wamsikilize Bach, lakini wasiishie hapo. Zamani ngoma iliachwa mara nyingi nje ya mlango wa kanisa. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa mataifa uheshimiwe. Naye Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio ya Mashahidi waliotangazwa watakatifu mwaka 1964.

Mwalimu, rudia wimbo mara tatu: kwanza wanyamaze, kisha waitafute ngoma, mwisho waulize mtunzi ni nani. Asiyewajua hawa atadhani sifa za Mungu zililetwa kwa meli.

Tumsifu Yesu Kristo.